Kipande cha Kamba ya Nguo

Moshi ulisimama wima saa nne kasorobo asubuhi, na Mwashaji akajua papo hapo kwamba mambo yameharibika.

Tangu saa moja moshi huo ulikuwa umelalia upande wa machweo, mbali na mji, kama ulivyotakiwa. Moto wenyewe ulikuwa ukirudi kinyumenyume dhidi ya upepo, moto wa kimo cha goti, ukila nyasi kavu bila haraka wala kelele. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kikosi chao. Kila mwaka, kabla kiangazi hakijakomaa, walikichoma wenyewe kichaka kilichopakana na mji, kipande kwa kipande, siku ya upepo wa kuaminika, ili moto usioalikwa utakapokuja usikute cha kula. Mwashaji alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Begani alibeba kopo la kuwashia, lenye mdomo mrefu unaodondosha mafuta yanayowaka, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kudondosha hata tone kabla Mkuu wa kikosi hajasema redioni, "Washa," naye akajibu, "Nawasha." Neno la kuwasha lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mmoja.

Sasa moshi ulisimama, ukayumba kidogo, kisha ukaanza kuinama kuja upande wao.

"Shemeji," akaita. "Upepo."

Shemeji yake, aliyekuwa hatua chache mbele, akageuka na kutazama juu. Yeye ndiye aliyekuwa mpima upepo wa kikosi. Kila nusu saa alitakiwa kupanda kilimani na kamashine kake ka mkononi, apime upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, aandike daftarini, kisha amtangazie Mkuu redioni. Alikuwa mume wa mdogo wake Mwashaji. Mdogo mtu alifariki miaka mitatu nyuma akaacha wasichana wawili, na tangu hapo baba na wanawe walihamia kwa Mwashaji, mama mkubwa wa watoto, wakawa wanaishi pamoja na kugombana kila asubuhi juu ya nani kamaliza sabuni. Wasichana walikuwa wa miaka tisa na sita. Mama walishampoteza, hawakuwa na mzazi wa ziada.

"Umegeuka," Shemeji akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nini kimegeuka?" akauliza mtu wa tatu.

Huyu alikuwa Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mstaafu, mtu wa shati lililonyooshwa na viatu vilivyopigwa rangi, ambaye asubuhi hiyo alikuja kujionea mwenyewe. Na walikuwa wamesimama katikati ya kazi ya mikono yake. Miaka minane nyuma moshi wa kikosi ulitua kwenye nguo zilizoanikwa mtaani kwake, ng'ambo ya ukuta. Mwenyekiti akaandika barua saba. Ofisi ikachoka kuzisoma, ikaahidi kwamba kipande kile kinachogusa ukuta hakitachomwa tena. Basi kwa miaka minane nyasi mpya zikaota juu ya nyasi kuukuu, zikafika juu ya kichwa cha mtu mzima, zikakauka zikiwa zimesimama. Kwenye ramani ya kikosi mtu mmoja mtundu aliandika kwa penseli "Kamba ya Nguo", na jina likashika.

Siku hiyo Mkuu aliona nafasi. Moto ulikuwa mtulivu, tena ulikuwa upande wa pili wa mkuza, ile njia pana ya udongo mtupu iliyokwanguliwa na katapila ili moto usivuke. Akawaambia shemeji hawa wawili wampitishe Mwenyekiti katikati ya Kamba ya Nguo, aone mwenyewe anachokilinda. Mwashaji akalizima kopo lake, maana kutembea na moto mbele ya mgeni ilikuwa mwiko, wakaingia.

Sasa upepo ulikuwa ukitoka machweo, na ule moto wa goti ulikuwa umepata mgongo wa kuusukuma.

Walisikia kabla ya kuona. Ulianza mchakacho kama wa mvua kwenye bati, kisha ukawa mngurumo. Redio ikalia kifuani kwa Mwashaji: "Mkuza umerukwa! Mkuza umerukwa! Wa kwenye Kamba ya Nguo, mko wapi?"

"Katikati," akajibu. "Tuko watatu."

"Nendeni ukutani! Kimbieni!"

Wakakimbia. Kukimbia kwenye nyasi zile kulikuwa kama kukimbia ndani ya godoro. Mashina yaliwashika miguu, majani yaliwakata nyuso, vumbi la mbegu liliwaingia machoni. Mwenyekiti alitangulia, kwa umri wake usingetegemea, mikono ikipiga nyasi huku na huku. Mwashaji alikuwa wa mwisho. Ndiye aliyemwona Shemeji akizama ghafla hadi kiunoni, na akasikia mguu ukivunjika.

Lilikuwa shimo la nungunungu, limefunikwa na nyasi. Akamshika makwapani akamvuta nje. Kifundo cha mguu kilikuwa kimegeukia pasipo pake, na Shemeji alikuwa ameuma mkono wa shati asipige kelele.

"Mwenyekiti!" Mwashaji akaita. "Rudi! Huko mlango uko wapi?"

Mwenyekiti akarudi akihema. "Mlango gani?"

"Ukutani! Palikuwa na mlango wa nyuma."

Mzee wa watu akageukia upande wa ukuta. "Tuliuziba," akasema. "Kwa sababu ya wezi. Tukaweka na vioo juu."

Basi. Ukuta mita tatu, vioo juu, hakuna mlango, nao ulikuwa bado mita mia mbili na zaidi mbele yao. Mwashaji akatazama nyuma. Juu ya nyasi aliona nguzo za umeme zilizokatiza kichaka, na miali ilikuwa imefika nusu ya kimo cha nguzo. Akaihesabu kutoka nguzo moja hadi ya pili: sekunde ishirini na nane. Mtu mzima mwenye miguu miwili asingeshinda mwendo ule. Na kuupenya moto wenyewe ili watokee upande ulioungua, jambo ambalo wangelifanya kwenye nyasi fupi bila kufikiri mara mbili, hapa kulikuwa kujitia ndani ya tanuri.

"Niacheni," Shemeji akasema. "Ninyi mna miguu."

"Nyamaza. Nani atawasuka wale watoto? Mimi nikisuka wanalia."

"Sitanii, shemeji."

"Na mimi sitanii."

Ilibaki njia moja. Aliifahamu tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na aliomba Mungu asiitumie kamwe. Unawasha moto mwingine mbele yako. Upepo unauchukua, unakimbia nao mbele, unakuachia nyuma yake ardhi iliyokwisha ungua. Unaingia pale, unalala, moto mkubwa unapofika haukuti kitu chini yako. Tatizo ni kwamba mbele yao palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta nyumba mia moja na ushei.

"Mkuu," akasema redioni. "Shemeji kavunjika mguu. Hatufiki ukutani. Naomba niwashe mbele yetu."

"Rudia?"

"Naomba niwashe mbele yetu, tuingie kwenye jivu."

"Mbele yenu ni mtaa!" Sauti ya Mkuu ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Boza la maji ndiyo kwanza linaingia huko. Subiri. Nasema subiri, nizungumze na derev…" Redio ikajaa sauti za watu wengine wakipiga kelele kwa pamoja, na lile "subiri" likawa agizo la mwisho alilolisikia vizuri.

Alisimama na kopo begani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akingoja neno la mtu yule, na mwili wake wote ulitaka kuendelea kungoja. Aliogopa kuungua, lakini kwa muda mfupi aliogopa zaidi kukosea. Kisha akamwona Shemeji akijiburuta kwa viwiko kuelekea ukutani, kama mtu anayetarajia kufika, na hofu ya kukosea ikamtoka.

Akatia mkono mfukoni. Kiberiti kilikuwa chapachapa. Chupa ya maji ilivujia mfukoni alipokuwa akikimbia, na njiti zilivunjika vichwa kimoja baada ya kingine. "Shemeji, kiberiti!"

"Nilikiacha kwenye gari."

Mngurumo ulizidi kukaribia. Ndipo Mwenyekiti, aliyeandika barua saba za kulalamikia moshi, akainama, akaingiza vidole kwenye soksi yake ya kulia, akatoa kiberiti cha gesi cha rangi ya waridi.

"Mke wangu hajui," akasema.

Mwashaji alikinyakua. "Nikiwasha, moto utakwenda kwenu. Unanielewa?"

"Mke wangu yuko nyumbani!"

"Na huu wa nyuma unakwenda huko huko, tena ukiwa mkubwa mara kumi. Wangu utafika kwanza, ukiwa bado mdogo, na utakula nyasi zote ambazo huu ulizitegemea. Nikikaa hapa bila kuwasha, nyumba yako inapata moto mkubwa na sisi tunakufa. Chagua haraka."

Mwenyekiti alitazama mbele, akatazama nyuma. Machozi yalimtoka, ya moshi au ya mengine. "Washa, mama," akasema.

"Nawasha."

Kopo likashika mara moja. Alikimbia kukatiza upepo, hatua ishirini na tano kulia, akidondosha mstari wa moto, kisha akarudi akidondosha upande wa kushoto. Nyasi zililipuka. Moto mpya uliinuka, ukajipinda kuelekea ukutani na kuondoka mbio. Alipomaliza alilitupa kopo kwa nguvu zake zote mbali upande, maana lilikuwa na mafuta bado, kisha akaikamata redio. "Dereva wa boza, kama unanisikia, moto mdogo unakuja kwako sasa hivi. Lowesha ukuta na mapaa! Mkubwa uko nyuma yake!" Hakujua kama kuna aliyesikia.

Upande wao ule moto mpya ulikuwa umeacha ukingo wa miali mifupi, kama ya jiko, ikirudi polepole kuwafuata. Huo ndio uliokuwa mlango wao.

"Mwenyekiti, mshike mkono huo. Tunaruka pamoja. Usivute pumzi mpaka nikwambie."

Wakambeba Shemeji katikati yao, wakavuka. Joto liliwapanda miguuni hadi mapajani, suruali ya Mwenyekiti ikashika moto kwenye pindo, Mwashaji akaupiga kwa kiganja. Hatua kumi, kumi na tano ndani, juu ya ardhi nyeusi yenye visiki vinavyotoa moshi. "Hapa!" Akaanza kukwangua jivu la moto kwa viatu hadi udongo ukatokea, sehemu ya kulala watu watatu. Soli zilianza kulainika na kunata.

"Laleni kifudifudi. Miguu ielekee moto. Chimbeni kashimo, mtie mdomo humo."

Mwenyekiti alikuwa ametoa leso na anaimiminia maji.

"Kavu!" Mwashaji akamfokea. "Maji yakichemka yatakuunguza koo. Yanywe! Wote mnywe, mafunda mawili mawili, yanayobaki niyaone."

Wakanywa. Wakalala, Shemeji katikati. Mngurumo sasa ulikuwa umekaribia kiasi kwamba uliwatetemesha vifua.

"Shemeji," mpima upepo akasema, mdomo ukiwa mchangani. "Sikupanda kilimani."

"Usiongee. Tunza hewa."

"Saa tatu na nusu sikupanda. Goti lilikuwa linauma. Nilipimia bondeni, kukawa kimya, nikaandika namba zile zile za saa tatu. Ningepanda ningeona umeanza kugeuka. Nataka ujue, kama..."

"Nilikuona," akasema Mwashaji.

Shemeji akageuza shingo kumtazama.

"Nilikuona umeketi juu ya jiwe unaandika. Nikasema moyoni, ah, leo upepo ni mtulivu, mwache apumzike. Nikanyamaza. Sasa lala chini."

Kisha moto ukafika.

Hewa ilitoweka kwanza. Iliondoka yote kwa mkupuo, ikavutwa nyuma yao, na masikio yao yakaziba. Halafu joto likawaangukia mgongoni kama mzigo, zito, na Mwashaji akahisi ngozi ya shingo ikikaza na kuvutika. Alikuwa amefumba macho lakini kila kitu kilikuwa chekundu. Kushoto kwake kitu kikapasuka, lile kopo. Alijaribu kuhesabu, akafika saba, akasahau inayofuata. Upande wa pili Mwenyekiti akapiga yowe na kuanza kuinuka. Anayeinuka hapo amekwisha. Mwashaji akajitupa juu ya Shemeji, akamfikia mzee kwenye mkanda wa suruali na kumvuta chini, akabaki hivyo, kalala mkingamo juu ya wote wawili, akimlaani Mwenyekiti kwa matusi ambayo hakujua kwamba anayajua. Shemeji alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na alichohisi kwa uhakika wakati ule wote ni vile vidole tu.

Moto ulipofika kwenye jivu ulikosa kitu cha kukanyaga. Ukagawanyika ukawapita kushoto na kulia, ukaendelea mbele kutafuta nyasi ambazo hazikuwepo tena.

Hewa ilirudi kidogokidogo, chafu na ya moto, lakini hewa. Walikohoa muda mrefu kabla ya mtu kuweza kusema neno.

"Niite majina yenu," Mwashaji akanong'ona, kisha akacheka kwa udhaifu, maana alikuwa amechanganya maneno. "Namaanisha, mko hai?"

"Hai," akasema Shemeji.

Mwenyekiti alikuwa ameketi. Nyusi zake zilikuwa zimeungua zote, akawa na uso wa mtoto mchanga. Alitazama upande wa ukuta, ambako moshi ulikuwa mnene kiasi cha kutoonekana chochote. "Sizioni nyumba," akarudia mara tatu.

"Tutakwenda kuziona. Kwanza mguu."

Hakukuwa na kijiti wala ubao, vyote vilikuwa jivu. Mwashaji alilichomoa daftari la upepo kutoka kifuani mwa Shemeji, lenye jalada gumu, akalikunja kuzunguka kifundo, akalikaza kwa kamba za viatu vya Mwenyekiti. Shemeji alizimia, akazinduka, akatukana, akaomba radhi. Maji yalibaki funda moja kwa kila mtu. Wakayanywa, wakaondoka.

Mita mia mbili zilichukua karibu saa nzima. Walimbeba kwa zamu, mgongoni, kisha wawili kwa mikono iliyopishana, kisha kwa kumburuta juu ya jaketi. Mgongo wa Mwashaji ulikuwa umeungua, na kila mara Shemeji alipoegemea hapo aliona nyota mchana. Hakusema. Mwenyekiti, bila kamba viatuni, alikuwa akivipoteza viatu kila hatua ya tano, mwishowe akaviacha na kuendelea kwa soksi juu ya ardhi yenye joto, na hata yeye hakusema.

Ukuta ukatokea ndani ya moshi, mweusi hadi juu. Na juu yake, katikati ya vioo vilivyofunikwa kwa mablanketi yaliyoloa, kilikuwepo kichwa cha dereva wa boza.

"Hawa hapa!" dereva akapaza sauti. "Wako hai! Leteni ngazi!"

"Nyumba?" Mwenyekiti akauliza. "Nyumba, bwana!"

"Zipo, mzee. Mapaa mawili yameungua pembeni, na banda la kuku. Maji ya boza yaliisha, watu wakapanga foleni ya ndoo. Mkeo ndiye alikuwa anatoa amri. Leo nimemwogopa." Mwenyekiti akakaa chini pale pale akalia kwa sauti, wala hakujificha.

Walimpandisha Shemeji amefungwa juu ya ubao wa kitanda. Upande wa pili wa ukuta palijaa watu walioloa na kupakazwa masizi, na wengi walikuwa na hasira. Mmoja akauliza kwa kelele ni mwendawazimu gani aliyewawashia moto. Mkuu wa kikosi akapenya katikati yao, macho mekundu, akasimama mbele ya Mwashaji.

"Nilisema subiri."

"Nilisikia."

"Kwa hiyo uliwasha bila neno langu."

"Niliwasha bila neno lako. Ningesubiri, ungekuja kuokota mifupa."

Mkuu akanyoosha mkono. "Daftari la upepo liko wapi? Saa tatu na nusu mlinitangazia shwari. Nataka kuona."

"Limefungwa mguuni kwangu," Shemeji akasema kutoka kwenye ubao. "Usijisumbue kulifungua. Saa tatu na nusu niliandika uongo. Sikupanda."

Watu wakasogea kusikia. Mkuu akamgeukia Mwashaji, na sauti yake ikashuka, kwa maana alimpenda. "Wewe ulikuwa naye. Ulijua?"

Pembeni ya macho Mwashaji alimwona Shemeji akitikisa kichwa, kidogo tu, ili yeye peke yake aone. Alielewa anachoambiwa. Mmoja wao akibaki kazini, nyumba itasimama. Ilikuwa ni kusema neno moja, na hakuna ambaye angemkatalia.

"Nilimwona," akasema. "Nikanyamaza."

Mkuu alivua kofia, akajipangusa uso nayo, akamwambia dereva awapeleke hospitali.

Wasichana waliletwa na jirani saa tisa alasiri. Shemeji alikuwa na plasta hadi gotini, na kwenye kitanda cha pili Mwashaji alilalia tumbo, mgongo umepakwa dawa nyeupe. Mkubwa alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, akamkagua kama mtu anayehesabu vitu vilivyorudi kutoka safari, mikono, kichwa, miguu. Mdogo hakungoja. Alipanda kitandani akajilaza ubavuni kwa baba.

"Baba, kesho utakwenda tena kazini?"

"Hapana," akasema Shemeji.

"Mama mkubwa je?"

"Hata mimi siendi."

"Kesho kutwa?"

Shemeji hawa wawili wakatazamana. Hawakujua watakula nini mwezi ujao, wala ofisi itaamua nini, wala kama kuna mtu atakayewapa tena kazi inayohusu moto. Mwashaji ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilimuuma mgongo, akaomba kiache, kisiache, naye Shemeji akakidaka, wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwagombeza, na alipofika akawakuta wote wawili wanalia. Yule mkubwa aliyekuwa mlangoni akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akauliza mama mkubwa ashikwe wapi ambapo hapaumi.